Ngeu ya Manjano

Mwanangu Somoe,

Amani ikufikie popote utakapoifungua barua hii. Nadhani utaifungua ukishavuka daraja la Rufiji, maana nakujua, huwezi kungoja mpaka Dodoma. Nimeichomeka chini kabisa ya begi, ndani ya kanga ya zambarau, pamoja na kifurushi kidogo. Kifurushi usikiguse kwanza. Soma mpaka mwisho, ndipo ukifungue.

Sasa hivi ni baada ya Alasiri. Wewe umekwenda Kisiwani kumuaga shangazi yako, baba yako yuko shambani anapalilia ufuta, na mimi nimekaa kando ya shimo la kuchomea. Vibakuli nilivitia moto tangu adhuhuri. Moto unakufa taratibu na siruhusiwi kufukua mpaka majivu yapoe, la sivyo vitapasuka vyote. Kwa hiyo nina muda, na nina daftari lako la zamani la jiografia ambalo kurasa zake za mwisho hukuziandika. Usinicheke mwandiko. Ni wa darasa la saba, na kalamu sijaishika siku nyingi.

Mambo ya kula, kuswali, kuchagua marafiki na kutolala na simu sikuandikii. Baba yako amekuusia tangu Jumatatu, na huko Kisiwani najua leo unaongezewa mengine; ukiyakusanya yatajaa gunia. Mimi nina jambo moja tu, nalo si wasia.

Juzi ulipokuwa unajaza fomu za chuo pale mkekani, ulinipa karatasi ya daktari niishike isipeperuke. Nikaisoma. Palikuwa na mstari unaouliza alama za mwilini, nawe ulikuwa umeandika kwa herufi zako nzuri: "Kovu kwenye paji la uso. Nilianguka kwenye jiwe la kusagia nikiwa na miaka saba." Nikakurudishia karatasi, nikaenda jikoni kukoroga mboga ambayo haikuhitaji kukorogwa.

Somoe, kovu lile lina habari nyingine, na mwenye habari hiyo ni mimi. Nataka uondoke ukiijua, hata kama utaondoka umenikasirikia. Nimeogopa miaka yote hii. Bado naogopa, ila kuona ile ya kuanguka imeandikwa kwenye karatasi ya serikali kumenishinda.

Niruhusu nianzie mbali kidogo. Mtu akiingia maji ya baridi huanza na vidole vya miguu.

Nilipoletwa hapa Miteja kuwa mke wa baba yako, nilijiona mfinyanzi. Kwetu Rutamba tulifinyanga vyungu vya kupikia, vyeusi, vinene, visivyo na urembo. Nilipoiona mitungi ya bibi yako Esha, majivuno yote yakanitoka. Ilikuwa na shingo nyekundu, wekundu wa bibo lililoiva, imesuguliwa mpaka inateleza, na kuzunguka shingo imetiwa vitone vyeupe. Rangi ile nyekundu aliiita ngeu. Nilikuwa sijapata kulisikia neno hilo, nikalipokea kama mtu anavyopokea zawadi, nikawa nalitaja kila saa.

Kumuuliza inakopatikana niliona haya. Mkwe mgeni, tena Mmwera, nisije nikaonekana sijui kitu. Nikaamua kuitafuta mwenyewe. Nikachukua jembe, nikaenda kwenye kile kichuguu kikubwa cha njia ya mtoni, chekundu hasa, nikarudi na ndoo nzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umejaa vumbi hivyo?"

"Nilikwenda kuchimba ngeu."

"Ngeu ya wapi?"

"Ya kwenye kichuguu."

Akanitazama, akaitazama ndoo. "Kichuguu! Haya. Choma, tuone."

Nilichoma. Mtungi ulitoka na rangi ya kinyesi cha mbuzi, na ukiushika rangi inabaki mkononi. Siku tatu bibi yako alikuwa anafurahi tu, kila akinipita anaguna. Siku ya nne akanichukua mpaka kwenye korongo nyuma ya mikorosho, akachimbua kwenye ukingo udongo wa manjano, manjano ya ugali wa dona, akaniwekea kiganjani.

"Ngeu ndiyo hii."

"Mama, hii ni ya manjano."

"Bado haijaungua. Ukitaka nyekundu, usiifuate palipo na wekundu."

Hivyo ndivyo nilivyojifunza. Unausaga udongo ule mpaka ulainike, unautia maji mengi, unakoroga. Mchanga unazama upesi. Yale maji ya manjano yaliyobaki juu unayachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, unayaacha kwenye chungu yatulie. Kila asubuhi yakishajitenga unainamisha chungu, unamwaga maji meupe ya juu, polepole, pumzi umeibana, mpaka siku ya tatu unabaki na kitu kizito kama uji. Hapo unachanganya na udongo laini wa mfinyanzi ili ishike, na unapaka kwa unyoya wa kuku mtungi ungali na unyevu kidogo. Ukishakauka kabisa, ngeu haishiki tena. Halafu unasugua kwa kijiwe.

Kijiwe unakijua. Cheusi, kadiri ya yai la kuku, upande mmoja kimeliwa kwa kusugua. Bibi yako alipewa na mama yake, naye akanipa mimi siku ulipotimiza arobaini. Alikitia kwenye kiganja chako kwanza, ukakishindwa, ndipo akanikabidhi nikushikie.

Nina makosa mengine ambayo nayasimulia kwa kicheko, na umeyasikia mara mia. Ule mwaka niliofanya uvivu, nikapaka vyungu rangi ya dukani, rangi ya madirisha, na yule mama wa Tingi akarudi na mchuzi unaonuka mafuta ya taa, akanishikia sufuria puani ninuse. Watu wamecheka mpaka leo, na mimi nimecheka nao. Nimegundua kwamba mtu anaweza kujificha nyuma ya makosa yake madogo, akaonekana mkweli kuliko wenzake.

Naona nazunguka. Haya.

Ulikuwa na miaka saba. Ilikuwa masika, mvua hazikatiki, na mimi nilikuwa nimejitapa kwa wenye nyumba moja ya wageni kule Masoko kwamba nitawafinyangia mitungi thelathini ya kupamba uani. Kwa ule unyevunyevu mitungi ilikataa kukauka. Nikaingoja siku nyingi, na asubuhi hiyo jua likatoka kali ghafla. Nilijua mpaka saa sita itakuwa imekauka kupita kiasi. Ilikuwa lazima ipakwe siku ileile, asubuhi ileile. Ngeu yangu ilikuwa tayari bandani, imetulia siku tatu. Nilikuwa nimelala vibaya na nimeamka na hasira isiyo na mwenyewe.

Wewe uliamka kabla yangu. Ulikuwa umeniona kila asubuhi nikiinamisha chungu na kumwaga maji. Ulikuwa pia umeniona nikikoroga. Basi ukaamua kunipunguzia kazi: ukakoroga kwanza, halafu ukamwaga. Ulikosea mpangilio tu, mwanangu. Yote mawili ulikuwa umeyaona kwangu.

Nilikuwa naupapasa mtungi mmoja, kijiwe kimo mkononi, nikakusikia unaita: "Mama! Nimekumwagia maji yako, njoo uone!" Nikageuka. Umesimama kwenye shina la mpapai, chungu kitupu mikononi, mikono yote ya manjano mpaka kwenye viwiko, na chini ya miguu yako tope la manjano linanyonywa na ardhi. Ulikuwa unacheka. Ulikuwa unangoja nikusifu.

Sikukuita. Sikukuuliza. Nilikirusha kijiwe.

Nimejiambia miaka mingi kwamba sikukusudia kikupate. Lakini kama si wewe, nilikusudia kimpate nani? Hapakuwa na mtu mwingine pale, wala kuku.

Damu ilikujia jichoni. Hukulia mara moja. Ulikitazama kijiwe kilipoangukia, halafu ukanitazama mimi, ndipo ukalia. Bibi yako akatoka ndani anafunga kanga. "Kuna nini?" Nami nikasema, "Kaanguka kwenye jiwe la kusagia." Nilisema hivyo nikiwa bado sijakunyanyua. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, Somoe. Uongo ulinitoka kabla mikono yangu haijakufikia.

Nikakubeba mgongoni kukimbilia zahanati. Njiani nikakutana na jirani yetu Bi Tausi, unamkumbuka, marehemu. Akapiga kelele: "Jamani, mtoto katoka ngeu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, dada, kaimwaga yote, hata tone halikubaki!"

Akabaki kinywa wazi. Mimi nikapita. Nilikuwa sijui kwamba kwa watu wa huku ngeu pia ni jeraha la kichwani, lile la kupasuka na kuvuja damu. Jeraha nililijua kwa Kimwera chetu, na ngeu niliijua kwa mdomo wa bibi yako, rangi basi. Nimeambiwa mtoto ana jeraha, nami nikajibu habari za rangi yangu. Kwa neno lile Bi Tausi angeweza kunijua mara moja, kama angetaka kujua. Nilikuja kuelewa nilichosema baada ya miezi, nikisikia watu wanaongea msibani, nikatoka nje nikakaa peke yangu.

Zahanati ulishonwa nyuzi nne. Muuguzi akakuuliza, "Umefanyaje, mrembo?" Mimi nimesimama kando. Ukamwambia, "Nimeanguka kwenye jiwe la kusagia."

Maneno yangu yaleyale, kwa mpangilio uleule. Na kuanzia siku hiyo mpaka juzi pale mkekani sijapata kujua: uliniamini mimi ukayasahau macho yako, au ulikuwa unanifichia? Kila ulipowasimulia wenzako jinsi ulivyoanguka, nilikuwa nakutazama usoni nione kitu. Sikuona. Kama ulikuwa unanifichia, basi mtoto wa miaka saba alibeba mzigo wa mtu mzima, na mtu mzima akamwacha aubebe. Kama uliniamini, basi nilikuibia hata kumbukumbu yako. Sijui lipi ni baya zaidi.

Jioni baba yako akarudi, akakuona na bandeji. Akachukua mtaimbo, hakunywa hata maji, akaling'oa jiwe la kusagia pale kivulini akaliburura mpaka nyuma ya nyumba, karibu na ua wa choo. "Jiwe hili litaniulia mtoto," akasema. Jiwe la watu halikuwa na kosa lolote. Ndiyo maana mpaka leo nasagia juani. Umeniuliza mara ngapi kwa nini tusilirudishe kivulini? Mwaka jana ukaniambia, "Mama, mimi nimeshakua, sianguki tena." Nami nikasema liache hapohapo. Niliona angalau jua linijue.

Bibi yako alijua. Siku ileile, ulipokuwa umelala, alikiokota kijiwe kule kilikoangukia, akakiosha, akanitia kiganjani, akaufunga mkono wangu kwa mikono yake miwili. "Mwanangu," akasema, "kijiwe hiki ni cha kulainishia." Hakuongeza neno mpaka anaingia kaburini. Ningependa angenitukana.

Sikukupiga tena tangu siku hiyo, na watu wa hapa wakaniona mama mpole. Sikuwa mpole, nilikuwa naogopa mikono yangu. Na nikakufanyia kosa la pili, ambalo lilikuwa refu kuliko la kwanza. Ulipopona ukarudi bandani, ukainama juu ya chungu cha ngeu kutazama, na mwanga ukapiga kwenye lile kovu jipya. Sikuweza kulitazama. Nikakuambia toka, usiguse rangi zangu, wewe una mkono wa kumwaga. Nikasema leo, nikasema kesho, mpaka mtaa mzima ukajua kwamba Somoe hana mkono, ufundi wa Bibi Esha umekatikia kwa mama yake aliyetoka Rutamba. Mkono wako haukuwa na kitu, mwanangu. Kilichokuwa na kitu ni jicho langu.

Nawe ukaacha vyungu, ukaanza kuokota mawe. Ukawa unamsumbua mjomba wako aliyekuwa akituletea kinywe kutoka Ruangwa, ule unga mweusi wa kuchorea, kwa nini unateleza, kwa nini unang'aa, unatoka chini kiasi gani. Sasa unakwenda kusoma madini, na wako wanaoniambia, "Umeona Mungu anavyopanga? Kama asingeanguka siku ile, asingeyapenda mawe." Wakisema hivyo nanyamaza. Lakini wewe usikubali nijifariji kwa namna hiyo. Ulichokipata umekipata mwenyewe, kwa kichwa chako ambacho mimi nilikipasua. Sidai shukrani yoyote pale.

Wiki iliyopita nilikuita unisaidie kupaka vibakuli hivi vilivyomo motoni sasa. Nilikuwa nimejikaza kutwa nzima. Ukacheka, ukasema, "Mama, mimi si nina mkono wa kumwaga?" Hukuwa na ubaya wowote. Ulisema kama mtu anayetaja jina lake. Nikavipaka mwenyewe.

Nakupenda, Somoe. Kwetu hatuna mazoea ya kuambiana, tunapeana tu chakula. Nakupenda, na nimekuonea, na yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Msamaha siuombi humu ndani, kwa sababu barua ikiomba msamaha inamlazimisha mwenye kuisoma ajibu. Ukae nayo. Ukitaka kunigombeza, nigombeze kwa simu, nitapokea. Baba yako nitamwambia kesho, basi likishakuchukua. Atakasirika, na ana haki.

Sasa kifungue kifurushi.

Mna donge la ngeu, la manjano, la kule kwenye korongo. Bibi yako alijua kwamba likiungua linakuwa jekundu, na mimi najua. Kwa nini, hakuna kati yetu aliyejua. Huko chuoni watakufundisha. Ukishajua, nieleze kwa maneno yetu.

Na mna kijiwe. Sikupi kama mzigo. Kilikuwa chako tangu arobaini yako, mimi niliambiwa nikushikie tu, na umeona nilivyokishika. Kitumie, kiweke, au kitupe. Safari hii mwenye kuamua ni wewe. Na ukirudi likizo, kama utapenda, tutalirudisha jiwe la kusagia kivulini.

Majivu yamepoa. Nimefukua kibakuli kimoja sasa hivi kwa kijiti, kimetoka chekundu vizuri, upande mmoja umepata doa la moshi. Nakiacha na doa lake.

Karatasi nyingine zitakuja, mwanangu, za chuo na za kazi, na kila moja itakuuliza alama za mwilini. Andika kovu. Sababu yake andika upendavyo, au acha mstari wazi. Ila usiandike tena kwamba ulianguka. Hukuanguka, Somoe. Ulikuwa unamsaidia mama yako kazi.

Mimi mama yako,
hapa Miteja